Kujifunza UX (uzoefu wa mtumiaji) na usanifu wa mwingiliano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa usanifu wa bidhaa

Majibu haya yameandikwa kwa wanafunzi ambao mikono yao imeshazoea kadibodi, povu gumu na mashine za karakana, na sasa wametakiwa kusanifu kitu chenye skrini, taa, sauti au programu ndani yake. Si lazima uyasome kwa mpangilio. Yaliyo marefu ni yale yanayogusa mahali ambapo wanafunzi wengi hukwama.

Nasomea usanifu wa bidhaa. Kwa nini nijifunze UX?

Kwa sababu vitu vingi utakavyosanifu vitakuwa na tabia, na tabia haionekani kwenye mchoro wa umbo. Chukua kipima shinikizo la damu cha kutumia nyumbani. Umbo lake unaweza kulimaliza vizuri kabisa: mkanda unakaa sawa mkononi, kitufe kinafikika, rangi zimetulia. Kisha mgonjwa anabonyeza kitufe, mkanda unaanza kujaa upepo, anashtuka na kujisogeza, na kifaa kinaonyesha herufi E na namba 3. Afanye nini? Aanze upya? Asubiri? Kipimo cha jana bado kimo au kimefutika? Maswali hayo ni ya msanifu. Asipoyajibu yeye, mtu wa programu atalazimika kuyajibu kwa kubahatisha.

Usidhani pia kwamba fani hii ililetwa na simu za mkononi. Mizizi yake iko kwenye vitu vya kushikika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa ndege za Marekani aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, kisha ndege ikiwa tayari iko ardhini wanakunja magurudumu badala ya flapi za mabawa. Lawama zilikuwa zikiwaangukia marubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza akaona kwamba swichi ya magurudumu na ya flapi zilikaa bega kwa bega na zilifanana. Dawa yake ilikuwa kuzipa maumbo tofauti, moja kama gurudumu, nyingine kama kabari, ili mkono ujue kabla ya jicho. Mpaka leo kanuni za usafiri wa anga zinataka vishikio hivyo viwili vitofautiane kwa umbo. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichambua matukio 460 yaliyokuwa yameitwa makosa ya rubani, na wakaonyesha kwamba mengi yalitokana na jinsi vidhibiti vilivyosanifiwa. Msanifu wa bidhaa ana haki kamili ya kuiona historia hiyo kuwa yake.

Unachoongezewa hapa ni malighafi moja mpya: wakati. Umezoea kuuliza kitu kinaonekanaje na kinashikikaje. Sasa utauliza pia kinafanya nini baada ya kuguswa, na baada ya hapo, na kikiachwa peke yake kwa wiki mbili.

Kuna tofauti gani kati ya UX, usanifu wa mwingiliano na usanifu wa kiolesura?

UX inabeba yote anayoyapitia mtu na bidhaa yako, kuanzia kufungua boksi na kusoma maelekezo hadi kubadilisha betri, kutafuta msaada ikiharibika, na siku anapoachana nayo. Mwanasayansi wa utambuzi Don Norman aliingiza maneno "user experience", ambayo UX ni kifupi chake, kwenye cheo chake alipojiunga na Apple mwaka 1993, na alikusudia upana huo.

Usanifu wa mwingiliano umo ndani ya UX. Wenyewe unashughulika na mazungumzo kati ya mtu na kitu: mtu anafanya hivi, kitu kinajibu vile, mtu anaamua la kufuata. Jina hilo lilianzishwa na Bill Moggridge na Bill Verplank katikati ya miaka ya 1980. Moggridge alikuwa msanifu wa bidhaa kama wewe. Ndiye aliyesanifu GRiD Compass, kompyuta ya kukunja iliyotoka mwaka 1982, na baadaye alisimulia kwamba alipoanza kuitumia mwenyewe, umbo alilolihangaikia lilimtoka akilini upesi, kwa kuwa umakini wake wote ulivutwa na yaliyokuwa yakitokea ndani ya skrini.

Kiolesura ni ile sehemu inayoonekana, kusikika na kuguswa: vitufe, maandishi, aikoni, milio, mtetemo.

Kazini mipaka hii hulegea, na mtu mmoja mara nyingi hufanya yote matatu. Usipoteze wiki nzima ukibishana juu yake.

Nianze na programu gani ya kompyuta?

Anza na penseli na karatasi. Najua jibu hili linawaudhi wanaotaka kufungua kompyuta leo hii, lakini skrini iliyochorwa vizuri kwenye kompyuta inakufunga mapema mno: inaonekana imekamilika, kwa hiyo unaanza kuitetea. Mchoro wa penseli unautupa bila uchungu, na mtu unayemwonyesha anathubutu kuukosoa.

Ukishapata wazo lililosimama, Figma ndiyo inayotumiwa na timu nyingi na ina mpango wa bure kwa wanafunzi. Penpot ni ya chanzo huria. Yoyote kati ya hizo mbili inatosha. Ukiimudu moja, nyingine utaielewa haraka, kwa hiyo usijifunze vitufe vya programu kana kwamba ndiyo fani yenyewe.

Je, lazima nijue kuandika msimbo wa programu?

Si lazima uwe mtaalamu. Ila kujua kiasi cha kufanya taa iwake, mota izunguke na kitufe kisomwe kutakufungulia mlango ambao wasanifu wa skrini peke yake hawaufikii. Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu, ilizaliwa mwaka 2005 katika chuo cha usanifu wa mwingiliano cha Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi ambao hawakuwa wahandisi na walitaka kujenga vitu vinavyoitikia. Yaani ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa aina yako. Ndani ya siku chache unaweza kuwa na kifaa halisi mezani kinachojibu mguso, na kifaa hicho kitakufundisha mambo ambayo slaidi hazifundishi, kama vile kwamba kusubiri nusu sekunde kunaonekana kurefu sana pale ambapo kidole bado kiko juu ya kitufe.

Sijui kuchora vizuri. Nitaweza?

Utaweza. Visanduku, mishale na maneno yanayosomeka vinatosha.

Kwa nini walimu wanasisitiza sana "hali" na "mrejesho"?

Kwa sababu hapo ndipo vifaa vingi vinapoangusha watu, na mara nyingine watu huumia.

Tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island huko Pennsylvania, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikakwama wazi. Kwenye meza ya udhibiti taa ya vali hiyo ilizimika, na waendeshaji wakaelewa kwamba vali imefungwa. Kumbe taa haikupima vali. Ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imetumwa. Maji ya kupoza kinu yaliendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili kabla ya mtu kugundua na kuziba njia hiyo, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Hitilafu zilikuwa zaidi ya moja, lakini taa ile inamhusu msanifu moja kwa moja: ilijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Irudishe hoja hiyo kwenye kazi yako ya darasani. Kifaa chako kinapowasha taa ya kijani, je, kinasema "nimepokea amri", "ninafanya", au "nimemaliza na nimehakikisha"? Hizo ni kauli tatu tofauti. Programu inayoandika "imetumwa" wakati ujumbe bado umo ndani ya simu kwa kukosa mtandao inafanya kosa lile lile.

Zoezi ninalolipendekeza kuliko yote katika ukurasa huu ni hili. Orodhesha hali zote ambazo kifaa chako kinaweza kuwamo. Kwa kipima shinikizo la damu utaanza na kimezimwa, kinajaza upepo, kinapima, kimepata jibu. Usiishie hapo: mkanda umefungwa vibaya, mtu amejisogeza, betri inaelekea kuisha katikati ya kipimo, kumbukumbu imejaa, watu wawili wa nyumba moja wanakitumia kwa zamu, kimeachwa kimewashwa. Kwa kila hali andika mtu anaona nini, anasikia nini, anaweza kufanya nini, na anatokaje. Nafasi zitakazobaki tupu ndiyo orodha yako ya kazi za wiki. Wanafunzi wengi huchora hali moja tu, ile ya siku njema, kisha hushangaa kielelezo chao cha majaribio kinapokwama mbele ya mtumiaji wa kwanza.

Mtumiaji akikosea, kosa ni la nani?

Anza kwa kudhani kwamba ni lako, kisha tafuta ushahidi. Kuna mambo mawili ya kuangalia.

Kwanza, je, kosa lilizuilika? Kitufe cha kufuta kilichobanana na kitufe cha kuhifadhi kinaalika ajali. Vitenganishe, au fanya kufuta kuwe kitu kinachoweza kutenguliwa. Kutengua ni bora kuliko dirisha la "Una uhakika?", kwa maana mtu aliyeliona dirisha hilo mara nyingi hubonyeza "Ndiyo" bila kusoma.

Pili, ujumbe wa kosa unamsaidia nani? Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa mionzi iliyopita kiasi katika ajali sita, na baadhi yao walikufa. Chanzo kilikuwa ndani ya programu na katika uamuzi wa kuondoa vizuizi vya kimitambo vilivyokuwamo kwenye mashine za awali. Lakini kiolesura nacho kilichangia. Mashine ilionyesha "hitilafu namba 54" bila kueleza uzito wake, na waendeshaji walikuwa wameshazoea ujumbe wa aina hiyo unaojirudia, ukiondoka kwa kubonyeza herufi moja ya kuendelea. Ujumbe mzuri wa kosa hueleza kilichotokea, madhara yake, na hatua inayofuata, kwa maneno ya mtumiaji. Ile E3 ya kipima shinikizo la damu ingeweza kuwa "Mkono umesogea. Tulia, kisha bonyeza kuanza tena."

Utafiti wa watumiaji unafanywaje?

Nenda mahali kitu kinapotumiwa, ukae, uangalie. Hojaji ya mtandaoni ni rahisi kuisambaza na ndiyo maana kila kundi hukimbilia huko, lakini itakupa maoni ya watu kuhusu wanavyojidhania. Anayesema huwa anasoma maelekezo kwanza, ukimwangalia, utamkuta ameyaacha ndani ya boksi.

Ukihoji, uliza kuhusu mara ya mwisho. "Mara ya mwisho ulipopima, ulikuwa wapi? Ulianza na nini? Kisha?" Swali kama "Je, ungependa kifaa kinachotuma matokeo kwa daktari?" halina thamani, kwa sababu karibu kila mtu atasema ndiyo na ndiyo hiyo haimgharimu chochote. Angalia pia vitu ambavyo watu wamevitengeneza wenyewe ili kupambana na bidhaa mbovu: kipande cha utepe wa gundi juu ya kitufe kisichotakiwa kuguswa, namba zilizoandikwa kwa kalamu ubavuni mwa mashine, waya uliofungwa kwa uzi. Kila kimoja kinakuonyesha usanifu uliokosekana.

Omba ridhaa kabla ya kupiga picha au kurekodi, eleza utafanya nini na rekodi hiyo, na mtu akitaka kuacha katikati mwache bila maswali. Kwa watoto, wagonjwa na watu walio katika hali ya unyonge, fuata utaratibu wa maadili ya utafiti wa chuo chako kabla ya kwenda popote.

Nijaribu na watu wangapi?

Utasikia jibu "watano". Linatokana na kazi ya mwaka 1993 ya Jakob Nielsen na Thomas Landauer, watafiti wa urahisi wa matumizi: ikiwa kila mtu anafichua wastani wa asilimia 31 ya matatizo ya matumizi, basi watu watano watafichua kama asilimia 85. Hiyo asilimia 31 ni wastani wa miradi waliyoichunguza wao, na wako unaweza kuwa chini au juu. Hesabu hiyo pia inahusu kutafuta matatizo tu. Kama unataka kudai kwamba toleo B ni la haraka kuliko toleo A, watano hawatoshi.

Nielsen mwenyewe alishauri kwamba ukiwa na nafasi ya watu kumi na watano, uwagawe katika raundi tatu za watano, ukirekebisha kila baada ya raundi. Ushauri huo ndio wenye faida zaidi kuliko namba yenyewe. Na kama kifaa chako kina makundi tofauti ya watumiaji, mfano wauguzi na wagonjwa, kila kundi lihesabiwe peke yake.

Jaribio lenyewe linaendeshwaje?

Mpe mtu lengo, usimpe hatua. "Bonyeza kitufe cha kumbukumbu" linamwonyesha njia. "Daktari anataka kujua kipimo chako cha asubuhi kilikuwa ngapi, mtafutie" linamwacha atafute, na wewe unaona anatafuta wapi. Mwombe aseme kwa sauti anachokiwaza anapoendelea. Mwambie mapema kwamba kinachojaribiwa ni kifaa.

Kisha nyamaza. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Mtu anapokwama utasikia hamu kubwa ya kumwelekeza; jizuie. Akiuliza "Nibonyeze hapa?" mrudishie: "Wewe unadhani kitatokea nini?" Sekunde ishirini za ukimya wako zitakufundisha zaidi ya nusu saa ya mahojiano.

Wawili mkiwa pamoja, mmoja aongoze na mwingine aandike. Andika alichofanya na alichosema. Tafsiri yako iwe kwenye safu ya pembeni, isichanganyike na ulichokiona. Mwishoni unaweza kumpa hojaji ya SUS (System Usability Scale, kipimo cha urahisi wa matumizi), ambayo John Brooke aliitunga mwaka 1986. Ina kauli kumi na hutoa alama kati ya 0 na 100. Alama hizo si asilimia, na wastani wa bidhaa nyingi ni kama 68. Itakuambia kama kuna shida, haitakuambia shida iko wapi.

Nitajaribuje kitu ambacho bado hakijatengenezwa?

Hapa wewe wa bidhaa una faida kubwa, maana kielelezo cha majaribio ni kazi uliyoizoea. Kabla kompyuta ya mfukoni ya Pilot haijatoka mwaka 1996, Jeff Hawkins wa Palm alitembea na kipande cha mti chenye ukubwa wa kifaa alichokuwa akikifikiria. Alipohitaji kuangalia miadi au kuandika jambo alikitoa mfukoni na kujifanya anakitumia. Mti ule ulimwambia kuhusu ukubwa, uzito na mara ngapi kwa siku kingehitajika, kabla ya saketi yoyote kuchorwa.

Tabia nazo zinaigizika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa IBM walitaka kujua watu wangeandikaje barua kwa mashine inayosikiliza sauti, wakati ambapo mashine hiyo haikuwepo. Mtu alizungumza kwenye maikrofoni, mchapaji aliyefichwa chumba kingine akachapa, na maneno yakatokea kwenye skrini. Unaweza kufanya vivyo hivyo: kifaa cha kadibodi mkononi mwa mtumiaji, spika ndogo ndani yake, na mwenzako nyuma ya pazia akicheza milio kwa simu. Kwa skrini, chora kila hali kwenye kadi na uwe wewe ndiye "kompyuta" unayebadilisha kadi kila mtu anapogusa.

Shikilia jambo moja: kielelezo kijengwe kwa ajili ya swali. Kama swali ni "je, mkono mmoja unaweza kufunga mkanda?", kitambaa na gundi vinatosha, na rangi ya skrini haina kazi hapo.

Ni kanuni gani za kisayansi ninazopaswa kuzijua?

Chache, lakini uzijue kwa kina, pamoja na mipaka yake.

Kanuni ya Fitts, ya mwaka 1954: muda wa kufikia shabaha huongezeka kadiri inavyokuwa mbali na kadiri inavyokuwa ndogo. Inafanya kazi kwa kidole, kwa kipanya na hata kwa mguu juu ya pedali. Ndiyo sababu kitufe cha dharura huwa kikubwa na karibu.

Kanuni ya Hick, ya mwaka 1952, inasema muda wa kuamua huongezeka kadiri machaguo yanavyoongezeka, lakini kwa mwendo unaopungua kasi. Inahusu machaguo ambayo mtu anayajua tayari. Usiitumie kuhalalisha menyu ya vitu vitatu yenye menyu nyingine nane zilizofichwa ndani yake.

Namba saba ya mwanasaikolojia George Miller, ya mwaka 1956, yaani kwamba kichwani tunashika vitu kama saba kwa wakati mmoja, inatumiwa vibaya kuliko zote. Miller alizungumzia kumbukumbu ya muda mfupi, si menyu. Orodha iliyo mbele ya macho haihitaji kukumbukwa, kwa hiyo inaweza kuwa na vitu kumi na viwili bila kosa. Namba hiyo inakuhusu pale unapomlazimisha mtu abebe kitu kichwani kutoka skrini moja kwenda nyingine, na hapo utafiti wa baadaye unaonyesha uwezo wetu uko karibu na vitu vinne.

Kuhusu kasi ya kujibu, shika vipimo vitatu: sehemu moja ya kumi ya sekunde huhisiwa kama papo hapo, sekunde moja haikatishi wazo, ikifika sekunde kumi akili imeshahama. Kifaa kinachochukua muda zaidi ya huo kionyeshe kinaendelea na kimefika wapi.

Orodha ya kanuni kumi za Nielsen ya mwaka 1994 ni nzuri kwa kukagua kazi yako kabla ya kuwasumbua watu. Haichukui nafasi yao.

Ufikivu ni somo la baadaye, au?

Ufikivu, yaani kuhakikisha kwamba hata mtu mwenye ulemavu anaweza kutumia kitu chako, ni somo la siku ya kwanza. Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandhari yake iwe angalau 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Toleo la 2.2 la mwaka 2023 limeweka kiwango cha chini cha ukubwa wa shabaha kuwa pikseli 24 kwa 24, na miongozo ya Apple na Android inapendekeza kubwa zaidi: pointi 44 kwa Apple na dp 48 kwa Android, kila moja kwa kizio chake cha ukubwa kwenye skrini. Usitegemee rangi peke yake. Taa moja inayobadilika kutoka nyekundu kwenda kijani haimwambii kitu mtu asiyetofautisha rangi hizo, na wanaume wenye hali hiyo si wachache; ongeza umbo, mahali au mpigo.

Kwa vitu vya kushikika fikiria zaidi ya skrini. Kitufe cha kugusa kilicho laini kama kioo kizima hakipatikani na kidole cha mtu asiyeona, wala kidole cha mtu aliyevaa glavu. Nukta moja iliyoinuka inabadilisha mambo. Kipima shinikizo la damu hutumiwa zaidi na wazee, kwa hiyo ukijaribu na wanafunzi wenzako tu umejaribu bidhaa nyingine.

Lazima nifuate mchoro wa almasi mbili?

Mchoro huo wa Design Council ya Uingereza unakumbusha jambo zuri: panua kabla ya kubana, kwanza kwenye tatizo, kisha kwenye suluhisho. Utumie kama ramani ya kumweleza mwalimu au mteja ulipo. Kazi halisi hurudi nyuma. Jaribio la wiki ya nane likionyesha kwamba tatizo ulilichagua vibaya, rudi, hata kama mchoro unasema umeshapita hapo.

Akili bandia inatengeneza skrini kwa sekunde chache. Bado kuna haja ya kujifunza?

Ipo. Itumie kupata rasimu nyingi haraka, maneno ya kuanzia au orodha ya hali ambazo hukuzifikiria. Ila haijawahi kukaa karibu na mzee anayejaribu kufunga mkanda kwa mkono mmoja, na skrini inazokupa zitafanana na zilizokwisha kuwepo. Usiitumie kuigiza watumiaji na kisha kuandika kwamba umefanya utafiti. Huo ni udanganyifu, na watakaoumia ni watu watakaotumia kifaa.

Potifolio yangu iwe na nini?

Miradi miwili au mitatu iliyofuatiliwa mpaka mwisho inatosha. Kwa kila mmoja onyesha ulichokiona kwa watu, ulichokidhani kabla, kilichobadilika baada ya majaribio na kwa nini. Weka picha ya kielelezo kibovu cha kwanza karibu na cha mwisho. Video ya sekunde thelathini ya mtu halisi akitumia kifaa ina nguvu kuliko picha kumi za kompyuta zenye vivuli vizuri. Kama ulifanya kwenye kundi, sema wazi sehemu iliyokuwa yako.

Watu ninaowajaribu husema kila kitu ni kizuri. Nifanyeje?

Wanakuonea huruma, hasa wakijua ni kazi yako. Usiwaambie nani aliyeisanifu. Wape matoleo mawili badala ya moja, kwa sababu kulinganisha kunampa mtu ruhusa ya kukosoa. Mwombe mtu aliyemaliza amfundishe anayefuata kutumia kifaa, na usikilize anachokiruka, anachokieleza kimakosa na anachokiita kwa jina lake mwenyewe. Ukiwa na video, iangalie mara moja bila sauti, uandike dakika na sekunde ya kila mahali kidole kilipositasita au kilipogusa pasipoguswa. Kisha rudi kwake, mwonyeshe sehemu tatu au nne kati ya hizo, umwulize hapo alikuwa akitarajia nini.